Kipa Aliyesimama Wima

Mlango bado unagongwa, msomaji. Wiki nzima wewe umekula, umelala, umekwenda kazini na kurudi, lakini Mzee Lupakisyo hajaondoa ngumi yake kwenye mlango wa chumba cha giza. Na Oswald naye bado ameinama juu ya sinia la dawa, chini ya taa nyekundu, anaitikisa karatasi nyeupe ambayo imeanza kutoa kitu.

"Fungua, Oswald! Watu wananingoja uwanjani!"

"Bado kidogo, Mzee! Mwanga ukiingia picha itaungua!"

Kwa wewe uliyeazimwa gazeti la wiki iliyopita na hukurudishiwa, habari ni hii. Jana, siku ya Saba Saba, timu ya Mkondoa ya hapa Kilosa ilicheza fainali na vijana wa Mikumi. Mpaka dakika za lala salama ngoma ilikuwa bila kwa bila. Ndipo Cornel, winga wa Mikumi mwenye miguu ya swala wa mbugani kwao, akaachia shuti la mbali, shuti ambalo hata bibi yangu angelipangua kwa pindo la khanga. Likaingia. Yeremia, kipa wa Mkondoa, hakuruka. Hakuinua hata kidole.

Na mama yake Yeremia ni mzaliwa wa Mikumi. Wajomba zake wote wako kule. Ungetaka watu waseme nini?

"Kauza mechi! Wajomba wamemwahidi shamba la mpunga!"

Wangemtoa roho pale pale golini kama viongozi wasingemfungia kwenye chumba cha timu. Hapo ndipo Oswald, mpiga picha wetu, mchumba wa Paulina dada yake Yeremia, alipofanya kosa la kupanda juu ya benchi na kuapa mbele ya kadamnasi.

"Ninayo picha ya goli lile! Jua lilimpiga machoni! Kesho mtaona wenyewe. Picha haisemi uongo!"

Mdomo huponza kichwa. Haya, tuingie chumba cha giza.

Kitu cha kwanza kutokea kwenye karatasi kilikuwa mlingoti wa goli. Kisha mstari wa chokaa. Kisha, Oswald akaacha kupumua, mpira! Umeganda hewani, mviringo kabisa, hata mshono wake unaonekana.

Laiti ungejua alivyouhangaikia mpira huo! Picha za harusi Oswald alizipiga huku anasinzia. Mpira ulikuwa jambo lingine. Mwaka mzima picha zake za uwanjani zilitoka kama moshi wa jikoni: miguu isiyo na wenyewe, kichwa kisicho na shingo, goli lisilo na mpira. Mpaka akajifunza kwamba kitu kinachokimbia hakifukuzwi kwa kamera, hutegewa. Unachagua mahali, unailenga lenzi pale pale, unaweka kamera kwenye mwendo wake wa kasi kuliko yote, unangoja. Na unabonyeza kabla jambo halijatokea, maana ukishaliona limekwisha kupita.

Jana alichuchumaa kando ya mlingoti, lenzi ameilenga kwenye mstari wa chokaa, na filamu imebaki picha moja tu. Picha hiyo ndiyo hii. Alitaka kupiga kigelegele kama mwanamke.

Kisha akatokea Yeremia.

Visigino pamoja. Mikono imenyooka, viganja vimelala juu ya mapaja. Kidevu juu. Na uso wake haukuutazama uwanja, wala Cornel, wala mpira uliokuwa unampita nyuma ya sikio. Uliitazama kamera, midomo imefumbwa kwa heshima zote kama bwana harusi.

Oswald aliujua mkao ule. Alimfundisha yeye mwenyewe, kwenye studio hii hii, Pasaka iliyopita. Kilosa nzima waliujua. Oswald akiinua mkono wa kushoto na kusema "Tulia! Usitikisike!" basi hutikisiki, hata nzi akutue puani. Watu waliamini ukitikisika uso wako hutoka mara mbili, na hakuna aliyetaka kuning'inizwa ukutani ana pua mbili.

Ndipo akakumbuka. Mechi nzima alikuwa amejiuma midomo ili asiseme neno. Lakini lilipokuja shuti lile, picha ya mwisho, roho juu, mkono wa kushoto ukainuka wenyewe. Na mdomo nao ukafuata.

"Tulia! Usitikisike!"

Na Yeremia, kijana mtiifu, hakutikisika.

Jua halikumpiga mtu machoni, msomaji.

Ngumi za Mzee Lupakisyo zikaongezeka. Oswald akautazama ukuta. Swichi ya taa nyeupe ilikuwa karibu na bega lake. Akiiwasha tu, karatasi ingekuwa nyeusi tititi. Filamu nayo angeichomea kwenye jiko la mkaa. Mkono ukaenda.

"Oswald, upo?"

Sauti ya Paulina, nje ya dirisha lililozibwa kwa mbao.

"Nipo."

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Jua linaonekana? Amefumba macho?"

"Paulina, nikikwambia picha imeungua, je?"

"Usinitanie. Mama hajatia kitu mdomoni tangu jana. Amekaa mlangoni, kila anayepita anamwambia, ngojeni picha, ngojeni picha. Ikiungua watasema umeichoma wewe kwa kuwa u shemeji yake. Itoe tu, Oswald. Mimi sina wasiwasi na kazi yako."

Afanyeje? Akiichoma, Yeremia ana hatia. Akiitoa, Yeremia ana hatia. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na Oswald aliisikia inateleza mmoja baada ya mwingine mikononi mwake. Akaizamisha picha kwenye dawa ya mwisho, akaisuuza, akafungua mlango.

"Shikamoo, Mzee."

Marahaba haikuja. Mzee Lupakisyo, mwenyekiti wa timu na fundi wa mabehewa, mtu mnene mwenye sauti ya kuamsha stesheni nzima, aliishika picha mbichi kwa pembe. Akaitazama. Oswald alingoja matusi, ila mzee hakutukana. Mdomo wake wa chini ulianza kutetemeka, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

"Amesimama," akasema. "Mtoto niliyemfundisha kudaka kwa mikono yangu hii. Amesimama kama anayengoja kuvishwa nishani."

"Mzee, ni mimi!" Maneno yalimtoka Oswald kwa pupa. "Ni mimi niliyemwambia asitikisike! Mazoea ya kazi, Mzee. Ulimi uliteleza. Yeye akanitii tu!"

"Kwenye mechi? Na ngoma zile, na filimbi zile, akakusikia wewe?"

"Nilikuwa karibu naye, pale mlingotini."

"Jana ulisema jua. Leo ni ulimi. Kesho itakuwa nini, nyuki?"

Oswald akakimbilia chumba cha mbele, akaing'oa ukutani picha ya Yeremia ya Pasaka, akaileta na kuiweka kando ya ile mbichi. Visigino vile vile. Viganja vile vile. Kidevu kile kile.

"Tazama, Mzee! Ni mkao mmoja!"

"Naona," akasema Mzee Lupakisyo. "Pasaka alisimama ili apendeze. Jana alisimama ili tufungwe. Kijana, unamtetea shemeji yako, na mimi ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Lakini usinifanye mtoto. Njia ya mwongo ni fupi."

Paulina alikuwa amekwisha kuzunguka na kuingia. Aliichukua picha, akaiangalia. Kisha akamtazama Oswald, ambaye bado alikuwa anaeleza, mkono juu, ulimi unamwasha. Aliirudisha picha kwa mzee kwa mikono miwili, kama anayerudisha sahani ya watu.

"Basi muulizeni Yeremia mwenyewe!" Oswald akalia. "Muulizeni kama hakunisikia!"

Mzee Lupakisyo hakuwa mtu mbaya. Alifikiri.

"Haya. Akisema alikusikia, nitasimama mbele ya watu wote nimwombe radhi. Akikana, anapanda treni ya Mikumi leo hii, na Kilosa tusimwone tena."

Moyo wa Oswald ukarudi mahali pake. Kumbe shida yote hii dawa yake ni neno moja tu! Neno moja la kweli, kutoka kwa mtu anayelijua, ambaye lenyewe ndilo litakalomwokoa. Nani angekataa?

Ngoja.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Picha ikapita mkono kwa mkono, na waliokuwa wakipiga kelele walinyamaza kila ilipowafikia. Mama mmoja akasonya. Mwingine akasema, "Hata aibu hana, anatutazama usoni." Ilipomaliza kuzunguka, Mzee Lupakisyo akaichukua, akafungua mlango wa chumba cha timu, akaingia na Oswald.

Yeremia alikuwa amekaa juu ya gunia la mipira, jicho moja limevimba. Aliposimama kumwamkia mzee, mlango ulionekana mdogo.

"Yeremia," mzee akasema, bila kuipokea shikamoo yake. "Mwenzako anasema alikwambia usitikisike, nawe ukasimama akupige picha. Ni kweli au si kweli?"

Yeremia akaiangalia picha.

"Sikusikia kitu, Mzee."

"Yeremia!" Oswald akaruka. "Sema kweli!"

"Sikusikia kitu."

Mzee Lupakisyo akaiweka picha juu ya meza polepole, akatoka. Mara wakaisikia sauti yake nje ikitangaza, na baada yake kelele za watu, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Oswald akamkamata Yeremia shati. "Una wazimu? Nimejitoa niseme kosa ni langu, wewe unakana? Wanakufukuza!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ulinisikia au hukunisikia?"

"Nilikusikia," Yeremia akanong'ona. "Nilikusikia vizuri sana. Sasa ulitaka niseme nini pale? Kwamba Yeremia, kipa wa Mkondoa, aliuacha mpira akasimama kupigwa picha?" Akautazama mlango. "Msaliti anachukiwa, Oswald, lakini anaogopwa. Watanung'unika mwaka huu na mwakani, watachoka. Lile jambo lingine halichoshi. Nikipita sokoni watanisimamia hivi."

Akabana visigino, akalaza viganja mapajani, akainua kidevu na jicho lake lililovimba.

"Wauza vitumbua watanisimamia hivi. Nikienda kuposa, wakwe watanisimamia hivi. Siku ya kuzikwa kwangu watasimama kaburini hivi, wanajizuia wasicheke. Heri niitwe msaliti kuliko mjinga. Na wewe ukilisema tena mahali popote, haki ya Mungu, undugu wetu umekwisha."

Oswald alikuwa na ukweli wote mfukoni na haukumfaa kitu, kama hela ya wakoloni.

Yeremia akaiinua picha mezani, akaielekeza dirishani.

"Lakini nimetoka vizuri," akasema kwa huzuni. "Nitengenezee nyingine, nimpe mama."

Oswald alishindwa kujua acheke au alie. Alilia.

Treni ya alasiri ya Mikumi ilikuwa na abiria wa namna mbili. Behewa la mbele walipanda vijana wa Mikumi na kombe lao wamelifunga khanga kama mtoto mchanga. Behewa la nyuma kabisa alipanda Yeremia na sanduku lake la bati, na mama yake akiwa amejitanda usoni asimwone mtu. Mashabiki wa Mkondoa walijaa stesheni kuwapa kwaheri wanayostahili.

"Wanunuzi! Wanunuzi wa mechi!"

Oswald alikuja na kamera shingoni, kwa sababu bila kamera shingo yake hujiona uchi. Akamkuta Paulina amejitwisha furushi.

"Unawasindikiza mpaka ndani?"

"Nakwenda nao."

"Utarudi lini?"

Paulina akalishusha furushi.

"Paulina, Kilosa nzima wameniita mwongo leo," Oswald akasema. "Ndugu yako mwenyewe amenikana. Nataka mtu mmoja tu aniamini. Wewe unaniamini?"

"Nakuamini."

Ah! Unajua mtu aliyekuwa anazama anavyojisikia akigusa mchanga kwa kidole cha mguu? Ndivyo alivyojisikia.

"Niliuona mkono wako ulipokuwa unamweleza Mzee Lupakisyo," Paulina akaendelea, sauti yake imetulia. "Unainuka wenyewe, hata hujui kama umeinuka. Nakuamini kabisa, Oswald. Ndiyo maana siwezi kuolewa na wewe."

"Paulina!"

"Ingekuwa kweli kaka ameuza mechi, ningemlaumu yeye, na harusi yetu ingekuwepo. Sasa nimlaumu nani? Kila utakapoinua kamera hiyo nitamwona mama anafunga vyombo vyake. Sina nguvu hizo. Nisamehe."

Akajitwisha furushi, akapanda. Na Oswald, ambaye angeweza kusimamisha uwanja mzima kwa neno moja, hakuwa na neno la kumsimamisha msichana mmoja.

Filimbi ikalia. Mabehewa yakagongana, treni ikaanza kujivuta. Kelele zikapanda. "Wanunuzi! Rudisheni kombe letu, wanunuzi!"

Hapo ndipo Cornel, yule winga, alipochoka kutukanwa. Akajitoa dirishani nusu mwili, mishipa ya shingo imemsimama.

"Nani kanunua? Nyie wajinga, nani kanunua?" Akanyoosha kidole, moja kwa moja, kwa Oswald. "Muulizeni mpiga picha wenu! Yeye ndiye aliyemwambia kipa wenu atulie, asitikisike! Nilikuwa nalifuata shuti langu golini, nikamsikia kwa masikio yangu haya! Kipa wenu hajauza mechi, alikuwa anapigwa picha!"

Yalisikika magurudumu ya treni tu.

Kisha mtu mmoja akacheka puani. Mwuza karanga akaweka kikapu chake chini, akabana visigino, akalaza viganja mapajani, akainua kidevu. Stesheni nzima ikalipuka. Watu walishikana mabega. Akina mama walijifuta machozi kwa khanga. Kila ulipotazama mtu alikuwa amesimama wima, kidevu juu, anajizuia kucheka na anashindwa. Treni ilikuwa bado haijamaliza hata kutoka stesheni, na yote aliyoyaogopa Yeremia yalikwisha kumfika.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Lupakisyo alipenya katikati ya watu mpaka mbele ya Oswald.

"Kwa hiyo ulisema kweli."

"Nilisema kweli, Mzee."

"Yeremia hakuliuza kombe letu."

"Hakuliuza."

"Umelipoteza wewe."

Kicheko kikaanza kuzimika, kwanza walio karibu, halafu walio mbali. Oswald akageuka. Tangu asubuhi alikuwa akiomba aaminiwe, akiomba kwa machozi, na hakuna aliyemjali. Sasa nyuso zote zilikuwa zimemwamini. Aliziona zilivyomwamini, na miguu yake ikaamua kabla yake.

Akakimbia. Nyuma yake waliinuka kama nzige. Behewa la mwisho lilikuwa linapita, taratibu bado, mlango wake umefungwa. Oswald akaruka, mkono mmoja ukashika chuma, mguu mmoja ukapata ngazi. Amepona!

Kamba ya kamera ikamkaba koo. Mzee Lupakisyo alikuwa ameishika kwa mikono yake yote miwili, anakimbia sambamba na treni, mnene vile, anahema, haachii.

"Shuka! Shuka uwaeleze watu!"

Treni ikaongeza mwendo. Akiiachia kamera, ameacha mkate wake. Akiachia chuma, ameanguka mikononi mwa Mkondoa nzima.

Juu ya kichwa chake mlango wa behewa ukafunguka.

"Nipe mkono!" Oswald akakoroma bila kutazama. "Ndugu yangu, nipe mkono!"

Hakuna mkono uliokuja. Akainua macho. Aliyesimama mlangoni hakuwa mkata tiketi. Alikuwa Yeremia, na nyuma yake dirisha la behewa lilikuwa wazi, na kicheko chote cha stesheni alikuwa amekisikia.